Kilicholiwa na Kilichokutwa Tumboni

Mvuvi wa Lubunga, katika ukingo wa kushoto wa mto Kongo mjini Kisangani, akitaka kujua samaki amekula nini, humpasua tumbo na kutazama. Njia hiyo haifai kwa zuplanktoni, yaani vijinyama vinavyoelea majini. Katika bahari za ncha za dunia, kopepodi wengi ni wa milimita chache tu, na chakula chao husagika kiasi kwamba aghalabu darubini haikitambui.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia vinasaba. Hutoa DNA tumboni mwa kijinyama, huzidisha sehemu yake fupi, husoma mfuatano wake, kisha huulinganisha na ile ya viumbe vinavyojulikana. DNA ya mlaji mwenyewe, ambayo ni nyingi mno, huweza kuzuiwa isizidishwe. Hivyo hata kiumbe laini kisichoacha gamba hutambulika.

Hata hivyo, krili hula mwani na kopepodi pia. Na kopepodi naye hula mwani. Mwani uliomo tumboni mwa krili huenda uliingia pamoja na kopepodi aliyemezwa. Aidha, wingi wa DNA si kipimo kamili cha wingi wa chakula.

Hapa mfasiri hana budi kuchagua kitenzi kwa uangalifu. "Krili amekula mwani" ni kudai kuliko ushahidi. "Mwani umekutwa tumboni mwa krili" ni kauli inayolingana nao. Nyangumi, sili na pengwini wa kusini hutegemea krili, na barafu ya bahari inabadilika: kosa la kitenzi laweza kupotosha maelezo ya nani anamtegemea nani.