Kutoka Msimu wa Bahari hadi Msimu wa Ligi: Lamu na Msamiati wa Habari za Usajili

1. Utangulizi

Kila mchezo mkubwa una kipindi chake cha kunyamaza. Viwanja hufungwa, nyasi hupumzishwa, na wachezaji hurudi makwao. Habari, hata hivyo, hazinyamazi. Ndicho kipindi ambacho wasomaji hutaka kujua nani anahama na nani anabaki, nani ametuzwa na nani ameachwa. Huko Marekani mchezo wa besiboli husimama tangu Novemba hadi mwishoni mwa Machi. Na kwa kuwa miezi hiyo ni ya baridi, mazungumzo ya wapenzi wake yamepewa jina la jiko la moto ambalo watu wa zamani walilizunguka wakibishana juu ya wachezaji. Habari za jiko hilo zimekwisha kufika Afrika Mashariki pia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto ya besiboli huko Williamsport, na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia saini mikataba na Los Angeles Dodgers.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili, kikifika katika habari za namna hii, hakina budi kwenda kuomba maneno kwa jirani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo lina ukweli mdogo kuliko linavyodhaniwa. Maneno ya msingi ya habari za ligi na usajili hayakuundwa na kamati yoyote, wala hayakutafsiriwa, yalitoka baharini. Zaidi ya hayo, neno moja ambalo waandishi wa michezo wanalikosa hadi leo, yaani jina la kile kipindi cha kati chenyewe, limo katika hazina ya mabaharia wa pwani. Mfano unaotumiwa ni visiwa vya Lamu, ambako baadhi ya maneno haya yangali yanatumika katika maana yake ya kwanza.

2. Msimu

Neno *msimu* limetokana na Kiarabu *mawsim*, yaani wakati maalumu wa jambo. Katika Bahari ya Hindi wakati huo ulikuwa ni wa pepo za kusafiria. Wareno walilichukua neno hilo hilo wakalifanya *monção*, na kwa njia yao likaingia katika Kiingereza kama jina la pepo hizo. Hivyo Mwingereza anayetaja pepo za msimu na Mswahili anayetaja msimu wa ligi wanatumia neno moja, ingawa kila mmoja analidhani kuwa ni lake.

Kwa watu wa Lamu, Pate na Faza, msimu haukuwa tarehe iliyopangwa ofisini. Kaskazi huvuma takriban tangu Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni. Kusi hufuata, ikavirudisha. Katikati ya kusi, hasa Juni na Julai, bahari ya nje huchafuka, na kusi ikipungua nguvu huja demani, wakati mwanana wa kusafiri na kuvua. Mambo haya hayawezi kuhesabiwa kwa mwezi mwandamo, kwa sababu mwaka wa mwezi hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka. Ndiyo maana mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na mwaka mwingine, wa jua, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi.

Tofauti hii yaonekana hadi leo katika mashindano ya vyombo yafanywayo Lamu. Mashindano yanayoandamana na Maulidi hufuata mwezi, na kwa hiyo huzunguka katika pepo zote: miaka fulani huangukia kaskazi, miaka mingine kusi. Tamasha la Utamaduni la Lamu limezoea kufanywa karibu na mwisho wa mwaka, pepo zinapokuwa zinageuka. Nahodha mmoja, chombo kimoja na njia moja ya maji huweza kutoa mshindi mbalimbali kwa sababu ya upepo tu. Msimu, basi, kwa maana yake ya asili, haukuwa muda mtupu wa kuhesabiwa. Ulikuwa ni sharti la kazi yenyewe.

3. Nahodha, usukani na nanga

Neno la pili ni *nahodha*. Asili yake ni Kiajemi, *nakhuda*, yaani bwana wa chombo. Leo kijana wa Nakuru au Dodoma ambaye hajaiona bahari hulitumia kila siku kwa maana ya kiongozi wa timu uwanjani, na halimtatizi. Waandishi wangaliweza kukopa neno la Kiingereza, kama walivyokopa *refa* na *kipa*. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa maana ilikuwa tayari. Nahodha ni mtu aliye ndani ya chombo pamoja na wenziwe. Akikosea, huzama nao. Hilo humtofautisha na kocha, anayebaki nje ya mstari, na pia na mwenye chombo, ambaye huweza kuwa amekaa barazani kwake mjini.

Pamoja na nahodha yalikuja mengine. Timu iongozayo jedwali husemwa kuwa imekaa kwenye *usukani* wa ligi, na usukani, kutokana na Kiarabu *sukkan*, ni ubao wa kuongozea chombo. Ligi inapoanza, magazeti ya Kenya huandika kwamba *imeng'oa nanga*. Mwandishi aliye mbali na pwani huandika hivyo bila kufikiri maji. Lakini mpangilio wa maneno ni wa baharini kabisa, kwani chombo hakianzi safari kwa kupiga filimbi, huanza kwa kukata uhusiano na mahali kilipotulia.

Yafaa kutaja hapa kitenzi *kubisha*. Maana yake ya kibaharia ni kwenda mshazari dhidi ya upepo, chombo kikigeuza upande huu na upande huu. Maana yake ya kawaida ni kupinga kwa maneno. Siku ya mashindano, Lamu huziona maana zote mbili pamoja: vyombo vinabisha mkondoni, na watu wanabishana gatini.

4. Kipindi cha kati: maleleji na tanga mbili

Hapa ndipo penye upungufu. Kipindi kisicho na mechi, magazeti hukiita *nje ya msimu*, na muda wa kuhama wachezaji huitwa *dirisha la uhamisho* au *dirisha la usajili*. Tanzania pia kuna *dirisha dogo* la katikati ya ligi. Misemo hii inaeleweka na imezoeleka. Lakini wa kwanza hauna jina la jambo: husema tu kwamba si msimu. Wa pili ni tafsiri ya neno kwa neno, nao huelekeza fikra kwenye nyumba, ambamo mchezaji huingizwa na kutolewa kama mzigo.

Baharia wa pwani alikuwa na maneno mawili. La kwanza ni *maleleji*, au *malelezi*: wakati wa pepo kugeuka, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, au kinyume chake. La pili ni *tanga mbili*. Wakati huo upepo haujachagua upande, na chombo chaweza kutweka tanga kwenda kaskazini au kusini. Msomaji atatambua kwamba upatanisho wake ni wa *tanga mbili*, wala si *matanga mawili*, kama sarufi ya leo ingalitaka. Msemo umeganda katika umbo lake, na umbo hilo limeuepusha kuchanganywa na *matanga* ya msiba.

Maleleji si wakati wa kulala. Chombo hupandishwa pwani, kikakaguliwa mbao zake, kikakalafatiwa kwa kutiwa pamba katika mianya, kisha kikapakwa *deheni* ya mafuta na chokaa chini, na *sifa*, yaani mafuta ya papa, ubavuni. Matondoni, kijiji kijulikanacho kwa mafundi wa vyombo, ni mahali pa kuiona kazi hii. Na kama chombo kinavyotengenezwa, ndivyo na watu wanavyopangwa upya. Kwa desturi ya pwani, mapato ya safari hugawanywa mafungu: fungu la chombo, la nahodha na la mabaharia. Mafungu yakishagawanywa, hesabu ya safari ile imefungwa, na suala la nani atapanda chombo gani hufunguka tena. Hizo ndizo habari za usajili za bandarini.

Ulinganisho na besiboli wafaa hapa, kwa kuwa unaonyesha jambo ambalo neno *dirisha* linalificha. Kwa muda mrefu klabu za Marekani zilikuwa na sharti lililomfunga mchezaji kwao hata mkataba wake ulipokwisha. Oktoba 1969 Curt Flood wa St. Louis aliuzwa kwa klabu ya Philadelphia. Alikataa kwenda, akashtaki, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikamkatalia. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua, katika shauri la Andy Messersmith na Dave McNally, kwamba sharti lile halikuwa la milele. Tangu hapo ndipo alipopatikana *mchezaji huru* kwa maana kamili, na matokeo yake ni mikataba kama ule wa Shohei Ohtani wa Desemba 2023, wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Kabla ya 1975 besiboli ilikuwa na kipindi kisicho na mechi, lakini haikuwa na tanga mbili: mchezaji alikuwa na upepo wa upande mmoja tu, nao ulikuwa wa mwenye klabu.

Kwa hiyo tofauti iliyomo katika msamiati wa pwani ni ya kweli na yafaa kutumiwa. *Maleleji* ni kipindi chote baina ya misimu. *Tanga mbili* ni hali ya aliye huru kuelekea atakako. Mwandishi aweza kuandika *habari za maleleji*, na kusema juu ya mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha kwamba *yumo katika tanga mbili*.

5. Tuzo na kombe

Maleleji ni wakati wa tuzo pia. *Tuzo* ni nomino iliyotokana na kitenzi *kutuza*, kwa kiishio -o, kama *pigo* kutokana na *kupiga*. Kutuza, katika harusi na ngoma za pwani, ni kumpa mwimbaji au mchezaji zawadi papo hapo, mbele ya watu, kwa sababu amekugusa. Mtuzaji na mtuzwaji huonana uso kwa uso. Tuzo ya michezo imekwenda mbali na hapo. Tuzo ya mchezaji bora wa besiboli hutolewa kwa kura za waandishi wa habari tangu mwaka 1931. Kura hupigwa kabla ya mechi za mwisho kuanza, na mshindi hutangazwa Novemba, viwanja vikiwa vitupu. Kiswahili kimelipanua neno bila kulivunja, lakini ni vizuri kukumbuka kilichopotea: aliyetoa zamani alijulikana, naye alitoa chake.

*Kombe* nalo lilikuwa sahani kubwa ya kuandalia chakula kabla ya kuwa zawadi ya ligi na ya dunia. Aliyelitwaa alitwaa cha kula na wenziwe.

6. Tahadhari

Haifai, hata hivyo, kila neno kusukumwa baharini. Magazeti husema juu ya *dau* la usajili, yaani kiasi cha fedha kinachotolewa kumpata mchezaji. Neno hilo linalingana kwa sauti na dau la kuvulia, lakini maana yake ni ile ya fedha iwekwayo katika mchezo wa kamari, na maana hizo mbili hazina daraja la kuziunganisha. Ndivyo ilivyo *sifa* ya papa na sifa ya mtu. Aidha maneno mengine ya michezo yametoka bara na jikoni: *ngwe*, kipande cha shamba apimiwacho mtu kulima, imekuwa sehemu ya ligi, na *kiporo*, chakula kilicholala, ni mechi iliyoahirishwa.

7. Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba *maleleji* ni neno la watu wachache, nalo halitaeleweka bara. Jibu lake ni *nahodha*. Neno hilo nalo lilikuwa la watu wachache, likapanda bara kwa sababu lilitumiwa, si kwa sababu lilifafanuliwa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake, lakini ulifanya hazina ya kaskazini, ya Lamu na jirani zake, ionekane kama ya mashairi ya kale tu.

Hazina hiyo haingoji. Mashine haihitaji kujua maleleji. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, amri ya kutotoka usiku iliwazuia wavuvi wa Lamu kuvua usiku. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya, na Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari hiyo ilianza kazi. Fidia yaweza kukadiriwa kwa shilingi. Maneno ya kazi iliyoachwa hayamo katika hesabu hiyo. Neno la kibaharia huishi maadamu pana mtu anayelihitaji asubuhi kabla ya kutweka tanga, na mtu huyo akipanda chombo cha mashine au akienda kutafuta kibarua, hubaki katika kamusi za zamani tu.

Wajibu, basi, ni wa pande mbili. Waandishi wa michezo wayatumie maneno haya mahali yanapostahili, kwani wao ndio wenye wasomaji wengi kila siku. Watunga kamusi nao wayaandike pamoja na maana zake za kwanza, wakiyachukua kwa manahodha na mafundi wenyewe. Wakati wa kufaa kwenda ni maleleji, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani na wenye maneno wana nafasi ya kuzungumza.