Kujaza Tairi kwa Upepo wa Breki: Mambo ya Kuzingatia

Madereva wengi wa malori na mabasi hujaza matairi kwa mpira uliounganishwa na mtungi wa upepo wa gari. Njia hiyo ni msaada mkubwa pale fundi anapokuwa mbali, lakini ikumbukwe kuwa upepo huohuo ndio unaosimamisha gari.

Kwanza, dereva aegeshe gari mahali tambarare, aweke kabari kwenye magurudumu na kuacha injini ikiwaka ili kompresa irudishe upepo unaotumika. Mtungi kwa kawaida hufikia takribani paundi 120 kwa inchi ya mraba, ilhali tairi la gari dogo huhitaji kama 30 hadi 35 tu. Hivyo kipimo kitumike kila mara. Anayejaza asisimame ubavuni mwa tairi. Tairi lililotembea bila upepo likaguliwe na fundi kabla ya kujazwa, kwa kuwa huweza kupasuka.

Baada ya kumaliza, gari lisiondoke hadi geji ya breki irejee katika kiwango chake. Kusubiri dakika chache ni bora kuliko kushuka mlima na breki dhaifu.