Umio ukiunguzwa mapema huota ngozi mpya, lakini chai isubiri kupoa

Kabla maduka ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hayajafunguliwa, wachukuzi na wauza nguo huwa wameshazunguka mabanda ya mama lishe. Kuna chapati, supu, na chai inayomiminwa kutoka kwenye chupa. "Mama, nipe ya moto hasa," ndiyo kauli ya kila asubuhi, na ya vuguvugu hurudishwa. Pembeni, wazee wanakunywa kahawa chungu kutoka kwenye birika lililokaa juu ya mkaa. Kikombe ni kidogo, mafunda matatu kimekwisha, hakikupata hata muda wa kupoa.

Moto huo wote hupokelewa na umio, bomba la nyama lenye urefu wa sentimita 25 hivi linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ndani limefunikwa na ngozi laini yenye unyevu, yenye tabaka nyingi za seli. Seli za chini huzaliana na kusukumwa juu, na za juu hubanduka na kumezwa pamoja na chakula. Mama aliyewahi kuungua ulimi akionja uji wa mtoto anajua namna ngozi ya aina hii inavyopona upesi.

Shida huja jeraha linaporudiwa kila siku kwa miaka mingi. Seli zinazokimbizana kuziba jeraha zinaanza kukosea, na baadhi hubadilika umbo. Hiyo bado si saratani, ila ndiyo njia ya kuelekea huko, na haiumi hata kidogo.

Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni hii ya umio. Utafiti uliochapishwa mwaka mmoja kabla ulikuta watu mkoani Kilimanjaro wakianza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi 70 hivi. Si kila mnywa chai ataugua, na chai haiko peke yake; sigara na pombe kali navyo vimo. Lakini ukanda wa Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara ni miongoni mwa maeneo yenye saratani hii kwa wingi duniani, na wagonjwa wake hujaa Muhimbili na Ocean Road.

Kwamba seli hizo zinaweza kuonekana mapema, wenzetu wa Kenya wameshaonyesha. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, waliwapima kwa kamera watu 305 wasiokuwa na dalili yoyote. Walipulizia ndani ya umio dawa ya iodini iitwayo Lugol. Ngozi yenye afya hugeuka rangi ya kahawia, iliyobadilika hubaki na doa la njano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa 44 kati yao, zaidi ya 14 katika kila 100, walikuwa na seli zilizobadilika. Watu hao walikuwa wakila ugali wao kama kawaida.

Doa la namna hiyo linaweza kuondolewa. Mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza, kamera hupitishwa mdomoni, na kifaa chenye nyaya ndogo hugusishwa kwenye ngozi mbaya na kuiunguza kwa nishati ya umeme. Moto huo hauingii hata milimita 1. Huo ndio ufundi wenyewe: kuua tabaka bila kutoboa ukuta.

Hapo umio unabaki na kidonda kibichi, na hakuna bandeji ya kukifunga. Mate yanapita hapo hapo, chakula kinapita, na tindikali ya tumbo hupanda usiku mtu akilala. Ngozi iliyokufa hubanduka yenyewe. Kisha seli nzima za pembezoni zinaanza kutambaa kuelekea katikati. Nyingine huchipua kutoka kwenye mirija ya vijitezi vya ute vilivyo chini ya ngozi, mithili ya majani yanayotoka kwenye mizizi iliyobaki shambani baada ya moto. Ndani ya wiki kadhaa, kwa kawaida isizidi miezi miwili, kidonda huwa kimefunikwa.

Siku za mwanzo kifua huuma na kumeza ni kwa tabu, hivyo jikoni ndiko kazi ilipo. Siku ya kwanza ni vinywaji tu: maji, maziwa ya baridi. Kwa wiki moja hivi baada ya hapo ni uji uliopoa, mtindi, viazi vya kuponda, ndizi zilizopikwa zikalainika. Mishkaki, muhogo wa kukaanga na pilipili vikae mbali. Akitapika damu, akipata choo cheusi, homa na maumivu makali ya kifua, au akishindwa kumeza hata mate, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa ya kupunguza tindikali, kama omeprazoli, nayo ni sehemu ya tiba. Watu huiacha maumivu yakiisha, na hilo ni kosa, kwa sababu maumivu huondoka kabla ngozi haijamaliza kuota. Kosa la pili, linalofanyika kila siku kwenye maduka ya dawa, ni kununua vidonge vya kiungulia mwaka baada ya mwaka bila kuonwa na daktari. Tindikali nayo hubadilisha seli za umio, hasa sehemu ya chini.

Kwa wagonjwa wa tindikali wa aina hiyo ndipo uunguzaji umepimwa zaidi. Huko Marekani, katika utafiti wa wagonjwa 127 uliochapishwa mwaka 2009, walioendelea hadi saratani ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 1.2 ya waliounguzwa, dhidi ya asilimia 9.3 ya wasiounguzwa. Asilimia 6 ya waliounguzwa walipata kovu lililobana umio, ambalo daktari hulipanua kwa kamera. Njia hiyo imejaribiwa pia Uchina, ambako saratani ya umio iliyozoeleka ni ya aina ile ile ya kwetu.

Kinachouma ni kwamba wengi wa wagonjwa wetu hawafiki wakiwa na doa. Wanafika ugali ukiwa haushuki, na hapo uvimbe umeshaingia ukutani. Kinachobaki ni mionzi, upasuaji kwa baadhi, au kuwekewa bomba la wavu ili uji upite. Ndani ya nyumba dalili huwa zilishaonekana: baba anayeshushia kila tonge kwa maji, aliyeacha nyama akisingizia meno, anayemaliza kula watoto wakiwa wameshalala. Huyo asisubiri. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili hata kwa miguu panafikika.

Kuhusu chai, huhitaji kipimajoto. Ukilazimika kuvuta hewa mdomoni ili uinywe, bado ni ya moto mno. Imimine kikombe hadi kikombe, na ya mtoto ipoe kabisa.

Aliyeunguzwa hurudi kwenye kamera baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu ngozi mpya inaweza kupendeza machoni huku seli mbovu zimesalia. Kwa mgonjwa wa madoa, Lugol hupuliziwa tena. Umio ukigeuka kahawia wote, anapewa tarehe nyingine ya kuangaliwa. Likibaki doa la njano, anaunguzwa upya, na nyumbani siku za uji uliopoa zinaanza tena.