Fosfati ya Minjingu Ndani ya Lundo la Mboji

Fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara kaskazini mwa Tanzania, asili yake ni kinyesi na mizoga ya ndege. Zamani ziwa hilo lilikuwa pana kuliko sasa, na minandi na ndege wengine wala samaki walizaliana hapo kwa makundi. Mabaki yao yalirundikana matopeni, na mifupa yao imo mwambani hadi leo. Tabaka hizo zilitambuliwa mwaka 1956. Uchimbaji ukaanza 1983.

Asili hiyo huitenga na fosfati za volkano, kama ile ya Panda Hill, Mbeya. Fuwele zake zina kaboneti nyingi, kwa hiyo huvunjika kwa urahisi zaidi. Hata hivyo wepesi wa jiwe si wepesi wa mbolea ya viwandani ya DAP, na mkulima anayeipima kwa msimu mmoja huionea.

Ili unga wa jiwe hilo uyeyuke, inahitajika tindikali ya kuvunja fuwele, kisha kitu cha kuziondoa kalisi na fosfati zilizofunguka. Zikibaki papo hapo, kazi husimama. Mboji husaidia hapa, ila si kama inavyodhaniwa. Lundo lililoiva halina tindikali kali. Mara nyingi huelekea hata kwenye ukali wa magadi. Kazi kubwa hufanyika likiwa bado bichi. Bakteria na kuvu wanaoozesha majani hutoa tindikali za aina ile iliyomo kwenye ndimu, nazo huikamata kalisi na kuishikilia. Fosfati iliyoachwa humezwa na vijidudu hao hao, ikawa sehemu ya miili yao. Wakifa shambani, huiachia kidogo kidogo. Isitoshe, tindikali hizo hukalia zile nafasi ambazo chuma na alumini ya udongo mwekundu vingetumia kuinasa fosfati.

Ndiyo maana unga huwekwa tangu lundo linapoanzwa, tabaka kwa tabaka, pamoja na samadi na majani mabichi. Alizeti pori, ambayo wengi huifyeka na kuichoma, inafaa sana. Jivu la jikoni, linalomwagwa humo kwa mazoea, hudhuru: hupunguza tindikali na kuongeza kalisi. Unga laini hufaa kuliko punje, ingawa hupeperuka, na kwa kuwa una urani kidogo, kuuchanganya pua wazi siku ya upepo ni uzembe.

Udongo unaoifaa fosfati hii ni ule wenye tindikali na uhaba wa kalisi, kama wa sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya. Penye magadi, ikiwemo kandokando ya Manyara yenyewe, jiwe hilo hulala tu ardhini. Kwingineko hutumika kwa mahindi, maharage, chai, mbaazi, miche ya miti na malisho.