KUSAHAU BAADA YA TIBA YA SARATANI YA MATITI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kuwa mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti kwa dawa za kemikali, awe mwalimu wa Unguja aliyepelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, au mkulima wa pamba wa Lingeka, Meatu, aliyepelekwa Bugando, Mwanza, aweza kurudi kazini akisahau majina na kukosea hesabu alizozizoea.

Hali hiyo si uvivu wala wazimu. Hutokana na dawa zenyewe, uchovu, upungufu wa damu na wasiwasi. Kwa wengi hupungua baada ya miezi, kwa baadhi hudumu miaka. Mhusika aandike mambo yake daftarini.

Wakuu wa kazi wanaombwa wampe maagizo kwa maandishi kabla ya kufikiria barua ya onyo. Akichanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali mara moja.