Siku niliposomewa orodha ya chakula Kimihurura

Tangu nirudi nchini mwaka 1996 na cheti changu cha kidato cha nne kutoka Ngara, sikuwahi kukanyaga mgahawa wa Kifaransa. Kisingizio changu kilikuwa mshahara wa mwalimu. Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye alilelewa na mjomba wetu Bujumbura, hakutaka kunisikiliza tena. Alinipeleka kwenye bistro moja ya Kimihurura inayosifika kwa mvinyo wake.

Kwa wasioijua, bistro ni mgahawa mdogo wa mtindo wa Kifaransa: meza chache, vyakula vya siku vimeandikwa ubaoni kwa chaki, na mvinyo unauzwa hata kwa glasi. Hizi za kisasa hazina makuu. Hakuna vitambaa vya meza wala wahudumu wenye tai.

Kasheshe ilianza ilipoletwa orodha. Yote Kifaransa. Niliigeuza mbele na nyuma kama mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Hapo nikakumbuka mwaka 2009. Oktoba 2008 Serikali ilikuwa imeamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Mdogo wangu, mwalimu wa hisabati aliyesoma na kufundisha kwa Kifaransa, akawa anakesha na kamusi ili aweze kuingia darasani kesho yake. Mimi niliyetoka Tanzania na Kiingereza changu nilitamba. Siku moja nilicheka matamshi yake mbele ya mkewe na wageni. Hakujibu kitu.

Safari hii alisogeza kiti chake karibu yangu. "Kaka, hii ni supu ya vitunguu yenye jibini juu. Hii hapa ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo mwekundu." Alisoma mstari kwa mstari, wala hakucheka.

Tukaagiza nyama hiyo na mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Mimi niliyezoea urwagwa niliuona unakaza ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Lakini nilipoutanguliza na tonge la nyama, ukalainika. Kumbe ndiyo siri yake: huo haunywewi peke yake.

Bei je? Glasi moja inazidi sahani iliyojaa ya melanji. Nchi yetu haina bahari. Mvinyo wa Ulaya unaopitia Dar es Salaam husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,400 hadi Kigali kupitia Rusumo, na ushuru juu yake. Wafanyabiashara wa mpakani, hapa pana neno lenu. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake ukiwa na cheti cha uasili wa bidhaa haulipi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa kodi nyingine zipo. Kwenye orodha ile haukuwemo.

Tulipokuwa tukingoja bili nilijikaza. "Mdogo wangu, siku ile nilipokucheka mbele ya wageni, nilikosea."

Alinyamaza, akamalizia glasi yake. "Nilidhani umesahau, kaka," akasema. "Haya, basi leo lipa nusu."

Nililipa nusu. Mwezi ujao tutarudi, na orodha nitaanza kuisoma mimi. Akitaka kucheka, acheke.