Praktiko Haisomwi Kambini

Kila mwaka majina ya wanaokwenda kidato cha tano yakitoka, wazazi wa Kyela Mjini, Ipinda na Matema hunipigia simu na swali lilelile: "Shikamoo mwalimu, kijana kapangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kambi ipi ya praktiko ni nzuri?" Jibu langu ni kwamba hakuna. Naliandika hapa ili lisomwe na wote.

Itazameni kambi yenyewe. Wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha sita, wanafunzi wanajazwa kwenye chumba chenye bureti za kuhesabika. Anayefanya titresheni ni mwalimu, wengine wananakili. Wanagawiwa desa la maswali ya miaka iliyopita yaliyokwisha kujibiwa, wanakariri kwamba ukiona rangi hii andika chumvi ile, na pendulamu sharti itoe 9.8. Chini ya yote hayo ipo imani kwamba praktiko ni karatasi ya tatu ya mtihani, basi. Imani hiyo ina umri. Kidato cha nne kilikuwa na mtihani mbadala wa vitendo, ambapo mtahiniwa alijibu kwa kalamu maswali kuhusu jaribio ambalo hakulifanya. Mtihani ule ulishaondolewa, lakini fikra zake bado zinauzwa mitaani kwa ada.

Hasara yake naiona kwenye maabara ya mwaka wa kwanza chuoni. Mwanafunzi aliyepata A ya kemia ananiletea matokeo matatu ya titresheni: 25.00, 25.00, 25.00. Bureti hukadiriwa hadi 0.05 ya sentimita ya ujazo, na mkono wa binadamu hauleti usawa wa namna hiyo. Amepika data. Simwiti mdanganyifu, maana amefunzwa miaka miwili kwamba namba isiyolingana na desa ni aibu. Chuoni kazi yetu ni hiyohiyo namba isiyolingana: imetoka wapi, irudiwe, au iachwe, na kwa sababu gani? Uamuzi huo haukaririki. Unajengwa kwa kupima, kukosea na kupima tena miezi mingi, na kambini hakuna muda wa kukosea.

Mtaniambia shule haina maabara. Jamani, mnaishi Kyela! Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka kwenu, na lundo la kakao linalochachushwa chini ya majani ya migomba ni kemia na baiolojia tosha kwa kidato cha sita. Hamira hugeuza sukari ya ule ute mtamu kuwa alkoholi. Lundo likipinduliwa hewa huingia, bakteria hugeuza alkoholi kuwa asidi ileile ya siki, na joto hupanda hadi nyuzi 45 au 50. Joto na asidi huua kiinitete cha mbegu. Mpeni kijana kipimajoto na daftari, asome asubuhi na jioni kwa siku sita. Lundo lake likigoma kwenye nyuzi 36, hapo ndipo anaanza kujifunza. Lilikuwa dogo mno? Halikupinduliwa? Majani yalikuwa machache? Aandae malundo mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu, kisha akate mbegu zilizokauka: iliyochachuka vizuri ni kahawia ndani, isiyochachuka ina zambarau. Hakuna desa lenye jibu la lundo lake, na akifika chuo kikuu, SUA au MUST, ataulizwa maswali ya aina hiyohiyo.

Mengine kwa haraka. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa: pima kilo moja ya wabichi, anika, pima kila saa mpaka uzito ukome kushuka, chora grafu. Chungu cha Wakisi wa Ikombe: kipime kikiwa kikavu, kiloweke usiku kucha, kipime tena, kisha kijaze maji na ulinganishe joto la maji yake na la maji ya ndoo ya plastiki. Mpunga: mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu zinazoota, rudia mara tatu. Mvua: chombo chenye kuta zilizonyooka na rula, kila siku saa tatu asubuhi. Kila namba iandikwe kwa wino papo hapo, na iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja bila kufutwa. Fedha ya kambi inunue vipimajoto na mizani. Na mkihitaji maji ya ziwa kwa majaribio, yachotwe mkiwa kwenye mtumbwi, msiingie majini kwa miguu: kuna kichocho.